Mwalimu Rosa Young wa Rosebud

Katika Alabama, jimbo la Marekani, kuna kijiji kidogo cha wakulima, jina lake Rosebud. Huko alizaliwa Rosa Young mwaka 1890, binti wa mhubiri wa Kimethodisti. Alipokwisha kusoma aliwahurumia watoto weusi wa kwao, maana shule zao zilikuwa chache na duni. Basi mwaka 1912 akafungua shule yake mwenyewe; wanafunzi walikuwa 7 tu, lakini wakaongezeka upesi.

Mwaka 1914 wadudu wakaila pamba. Wazazi wakakosa fedha za karo, shule ikawa karibu kufungwa. Rosa akamwandikia Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri wa watu weusi, naye akamwelekeza kwa Walutheri. Mwaka 1915 wakamtuma Mchungaji Nils Bakke. Na mwaka 1916 usharika ukaanza pale Rosebud, Rosa akiwa miongoni mwa Wakristo wake wa kwanza. Tangu hapo alisaidia kuanzisha shule na sharika nyingi mashambani. Alifariki mwaka 1971.

Nasi, mavuno yetu yakipotea, tusifunge mlango wa shule kabla ya kuwaomba ndugu zetu msaada.