Fundi Viatu wa Lake Geneva

Msomaji wa ukurasa huu huenda akashangaa kunikuta leo nikimtaja Mmarekani aliyekuwa karani wa bima na fundi viatu, ilhali tumezoea hapa kusoma habari za malenga wetu na masheha wa zamani. Sababu yangu ni ndogo. Tangu mfungo mosi, mimi na wenzangu wanne hukutana kila usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya sala ya isha, katika sebule yangu hapa Mombasa. Kahawa huja, tende huja, nami huwasimulia habari za kisiwa kisichokuwapo duniani, nao ndio wasafiri waliomo kisiwani. Mchezo huo niliuacha kwa zaidi ya miaka 20. Nilipourudia nilitaka kumjua aliyetuanzishia jambo hili, na nilipoyasoma maisha yake nikaona yananigusa kuliko nilivyotaka.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana si wa kushindana kama karata, keram au dhumna. Mtu mmoja ndiye msimulizi. Yeye hubuni nchi, milima yake, mapango yake na viumbe vyake. Wenziwe kila mmoja hujifanya mtu fulani, huyu askari, yule mwizi, yule mchawi, na msimulizi akisema mlango umefungwa, wao ndio waamue kuuvunja au kurudi nyuma. Jambo likiwa na shaka, huamuliwa kwa nambari ya bahati. Hakuna mshindi, na kisa huweza kuendelea miezi, hata miaka. Jina lake ulimotokea ni Dungeons & Dragons, yaani magereza ya chini ya ardhi na majoka.

Mtu wetu aliitwa Ernest Gary Gygax. Alizaliwa katika jiji la Chicago tarehe 27 Julai 1938. Babake alikuwa mhamiaji kutoka Uswisi, aliyewahi kupiga fidla katika okestra kubwa ya jiji hilo, kisha akawa muuza suti. Usiku mzee huyo alikuwa akimhadithia mwanawe visa vya wachawi na pete za ajabu, kama walivyotuhadithia sisi bibi zetu visa vya majini. Mtoto alipotimu miaka 8, jamaa wote wakahamia Lake Geneva, mji mdogo ulio kando ya ziwa katika jimbo la Wisconsin. Huko akacheza sataranji, akasoma vitabu vya mazimwi kuliko vya shule, na shule ya sekondari hakuimaliza. Babake alifariki mwaka 1956. Mwaka 1958 akaoa, na watoto wakafuatana hadi wakatimia watano.

Kazi yake ilikuwa bima huko Chicago, lakini moyo wake ulikuwa mezani. Yeye na rafiki zake walikuwa wakicheza vita vya kale kwa vijisanamu vya askari, juu ya meza ya mchanga iliyokuwa chini ya nyumba yake. Mwaka 1967 wapenzi wa michezo hiyo wapatao 20 walikusanyika nyumbani kwake. Mwaka uliofuata akakodi ukumbi wa mji kwa dola 50 ili waje wengi zaidi, na mkutano huo, uitwao Gen Con, ungali ukifanyika kila mwaka, na siku hizi huhudhuriwa na maelfu. Mwaka 1970 akafukuzwa kazi. Mke na watoto watano, na mshahara hakuna! Basi akajifunza kushona viatu, akafungua kazi hiyo papo hapo chini ya nyumba, huku akiandika kanuni za michezo usiku. Mwaka 1971, akishirikiana na Jeff Perren, akatoa kitabu cha kanuni za vita vya enzi za ngome, na mwishoni akaongeza sehemu ya majoka na wachawi.

Hapa ndipo kisa kinapoanza kuwa kigumu, nami nitakaa hapa kidogo.

Huko Minnesota alikuwako kijana mmoja, Dave Arneson, aliyezaliwa mwaka 1947. Arneson alizichukua kanuni hizo akazigeuza: badala ya mchezaji kuamrisha jeshi zima, kila mmoja akawa mtu mmoja tu, anayeingia katika mashimo ya ngome iitwayo Blackmoor, akitoka salama hupata nguvu zaidi kwa safari ijayo. Mwishoni mwa mwaka 1972 Arneson alikwenda Lake Geneva, akamchezesha Bwana Gygax na wenzake mchezo huo. Bwana Gygax alishikwa. Akamwomba Arneson maandishi yake, ambayo yalikuwa kurasa chache tu, akaketi kuyapanua na kuyapanga. Akabuni ngome yake mwenyewe, akaiita Greyhawk. Wa kwanza kuingia humo walikuwa mwanawe wa kiume na bintiye, watoto wadogo bado. Wakavumbua kasha la sarafu za shaba, na likawa zito mno kulibeba.

Je, ni nani basi aliyebuni mchezo? Mwenye wazo au aliyelipa mwili? Swali hili wapenzi wa mchezo wangali wakilizozania hadi leo. Rai yangu ni kwamba bila Arneson pasingekuwa na mchezo, na bila Gygax tusingeujua sisi wengine. Kasha la kwanza, lililotoka Januari 1974, liliandikwa majina ya wote wawili.

Wachapishaji hawakulitaka. Basi Oktoba 1973 Bwana Gygax na rafiki yake wa utotoni, Don Kaye, wakatoa kila mmoja dola 1,000 wakaanzisha kampuni waliyoiita TSR, na Kaye sehemu yake aliikopa kwa rehani ya bima ya maisha yake. Baadaye akaingia Brian Blume na fedha zaidi. Walichapisha makasha 1,000, wakayapanga kwa mikono majumbani mwao, wakauza kila moja kwa dola 10, na kabla ya mwaka kwisha yote yalikuwa yamekwenda. Don Kaye hakuyafaidi matunda hayo. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo Januari 1975, naye ana miaka 36 tu. Bwana Gygax hakuwa na fedha za kuinunua sehemu ya marehemu, na wenye fedha walikuwa jamaa wa Blume. Tangu siku hizo hisa nyingi zikawa zao.

Ndani ya mchezo huo tangu mwanzo walikuwamo jini na ifriti, na ndege rukh wa safari za Sindbad. Mimi nilipokipata kitabu chake mwaka 1991, mjomba wangu baharia aliponiletea kutoka Uingereza, picha ya ifriti ndiyo iliyonivuta, na ndiyo iliyomfanya nyanya yangu akifunge kitabu hicho kwa kanga na kukiweka juu ya kabati kwa wiki mbili. Hakuwa peke yake ulimwenguni. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Michigan alipotea, na magazeti yakaushutumu mchezo. Baadaye ilibainika kwamba kijana huyo alikuwa na dhiki nyingine kabisa, lakini neno lilikwisha enea, na kwa miaka kadhaa Wakristo wengi wa Marekani waliamini kwamba ni mlango wa kumwabudu shetani. Mwaka 1985 Bwana Gygax alikwenda kujitetea kwenye televisheni. Mauzo, kwa upande wake, yalizidi kwa kelele hizo.

Ama kuhusu dadu, ambazo kwetu ni jambo la kuangaliwa, sisi hatuzitumii. Tuna vipande vya karatasi ngumu vyenye nambari ndani ya kikombe, na kila mtu huchomoa chake. Nilifurahi kusoma kwamba mwaka 1979, dadu zenye pembe nyingi zilipoadimika, kampuni yenyewe ilitia vipande vya namna hiyo katika makasha yake.

Turudi kwa wawili wetu. Kuanzia mwaka 1977 Bwana Gygax alitoa vitabu vipya vya mchezo huo, vikubwa na vyenye majalada magumu, na jina lililotiwa ni lake peke yake. Arneson, ambaye alikwisha iacha kampuni, akashtaki mwaka 1979 kudai haki yake ya utunzi. Wakapatana nje ya mahakama mwaka 1981. Fedha zilitengenea, lakini urafiki ule wa mezani haukurudi kama ulivyokuwa.

Sipendi kumhukumu maiti, na mwenye kisa hiki hawezi kunyosha kidole. Kisiwa nilichokuwa nikiwasimulia wenzangu ujanani hakikuwa changu. Ramani yake, bandari zake, hata majina ya wafalme wake, aliyabuni rafiki yangu mmoja kwenye daftari la hesabu. Mimi niliongeza maneno, na maneno yakapendwa, na wageni walipouliza kazi hii ni ya nani nilinyamaza ili wadhani ni yangu. Usiku mmoja alichukua daftari lake akaondoka bila ya kuaga. Hatukusemezana hadi mwaka jana, tulipokutana mazikoni.

Mali ya Bwana Gygax nayo ilikuja na kuondoka kama maji kupwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikwenda California kutafuta filamu, akaishi maisha ya kifahari, ndoa yake ya kwanza ikavunjika mwaka 1983, na mwaka huo huo katuni za mchezo zikaanza kuonyeshwa kwenye televisheni. Aliporudi alikuta kampuni imezama katika madeni. Akaandika vitabu vipya haraka haraka kuiokoa, na vikauzwa. Lakini mwaka 1985 jamaa wa Blume waliuza hisa zao kwa Lorraine Williams, aliyekuwa ameletwa na Bwana Gygax mwenyewe kusaidia uongozi. Akaondolewa usimamizi. Akaenda mahakamani akashindwa, na ilipofika mwisho wa mwaka 1986 hakuwa tena na sehemu katika kitu alichokianzisha chini ya nyumba yake.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi. Akaoa tena mwaka 1987, na watoto wake kwa jumla wakawa sita. Akaanzisha kampuni nyingine ikaanguka. Akabuni mchezo mwingine, TSR ikamshtaki. TSR nayo ikafilisika nusura, ikanunuliwa mwaka 1997 na kampuni ya Wizards of the Coast, na hao wapya wakamwendea mzee kwa heshima na kumlipa haki zilizokuwa zimebaki.

Sehemu ninayoipenda mimi ni ya mwisho. Mzee alibaki Lake Geneva, katika nyumba yenye baraza, na kila wiki rafiki zake walikuja hapo barazani, naye akawachezesha. Hapakuwa na hisa wala mawakili. Mwaka 2004 alipatwa na kiharusi, kazi ya kuandika ikapungua sana, lakini meza hakuiacha. Hata Januari 2008 alikuwa bado akisimulia. Alifariki nyumbani kwake tarehe 4 Machi 2008, akiwa na miaka 69. Arneson alimfuata mwaka mmoja baadaye, Aprili 2009.

Baada ya mazishi, rafiki na jamaa walikwenda katika ukumbi mmoja mjini humo, wakatandaza meza na kuanza kucheza. Tangu mwaka 2009 wanarudi kila Machi kufanya vivyo hivyo.

Huku kwetu, rafiki yangu alikubali kuja mara ya kwanza mwezi uliopita. Alikuja na lile daftari la hesabu, jalada limekwisha. Nimewaambia wenzetu kisiwa ni cha nani, na wawili walicheka kwa kuwa walijua zamani zote. Alhamisi iliyopita tuliwaacha wasafiri mbele ya pango, maji yanajaa, na taa ina mafuta ya saa moja. Kilichomo pangoni sikijui mimi. Ameandika yeye, na hataki kunionyesha.