Eliud Mathu

Eliud Wambu Mathu (1910 - 1993) alikuwa mwalimu na mwanasiasa wa Kenya, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la koloni hilo.

Maisha

Alizaliwa Riruta, karibu na Nairobi. Alisoma Alliance, kisha Fort Hare (Afrika Kusini) na Balliol College, Oxford. Aliporudi alifundisha Alliance.

Katika baraza

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia askari Waafrika wa Kenya walipigana hadi Burma, na kuanzia 1942 raia wengine walilazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Hata hivyo, barazani walisemewa na Wazungu. Oktoba 1944, vita vikiendelea, Mathu aliteuliwa, akiwa Mwafrika pekee. Chama cha Kenya African Union kiliundwa mwezi huohuo ili kumwunga mkono.

Alipinga kipande, hati ambayo wanaume Waafrika peke yao walilazimika kuibeba. Mwaka 1947 ilipitishwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote.

Katika uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika, Machi 1957, alishindwa na Bernard Mate.