Ghiyathuddin al-Kashi: Mwanachuoni Aliyepima Makuba

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Ama baad. Vijana wetu wa madrasa hutuuliza: hesabu za ujazo wa maumbo zina faida gani katika dini? Jawabu tunaliona katika maisha ya Ghiyathuddin Jamshid al-Kashi, Allah amrehemu.

Alizaliwa Kashan, Uajemi, karibu na mwaka 1380, zama za vita vya Timur. Aliishi katika dhiki, lakini hakuiacha elimu. Alisoma tiba, hesabu na falaki. Mwaka 1406 aliangalia na kuandika habari za kupatwa kwa mwezi mjini kwao. Baadaye mtawala Ulugh Beg alimwita Samarkand, akawa miongoni mwa wanachuoni wakubwa wa madrasa yake na wa kituo chake cha kuangalia nyota.

Mwaka 1427 alikamilisha kitabu chake cha Kiarabu, Miftah al-Hisab. Sehemu ya nne ni ya vipimo. Humo anaanza na maumbo ya kawaida, kama mche, piramidi na tufe, kisha anaingia kwenye majengo: matao, makuba na mapambo ya muqarnas.

Hapa ndipo penye faida. Kuba lililochongoka juu si nusu ya tufe. Al-Kashi akaligawa kwa mapande ya mviringo yanayopungua kuelekea juu, akapima kila pande, akajumlisha. Akawaachia mafundi njia nyepesi: zidisha kipenyo kwa kipenyo, tena kwa kipenyo, kisha kwa takriban 0.306. Na kwa kuwa kuba ni tupu ndani, pima la nje, pima la ndani, kisha toa.

Tuchukue mfano wetu wenyewe. Kuba la namna hiyo lina kipenyo cha mita 10 nje na mita 9 ndani. Kwa kanuni yake, ujenzi unahitaji takriban mita za ujazo 83. Anayelihesabu kama nusu ya tufe atapata 71 tu. Mita 12 zitapungua, na mali ya wakfu ilikwishapangwa! Fundi atalaumiwa, kamati itashukiwa, na kosa ni la kipimo.

Ndugu zangu, Qur'ani imetuamrisha kutimiza vipimo kwa uadilifu. Amri hiyo haiishi kwenye pishi na mizani ya sokoni. Mwenye kukadiria mali ya msikiti bila ya elimu anaichezea amana.

Al-Kashi alifariki Samarkand mwaka 1429, Ramadhani ya 832 Hijria. Ulugh Beg alimtaja kwa sifa katika utangulizi wa kitabu chake cha falaki.

Tunamuomba Allah atujaalie elimu yenye manufaa na atuepushe na kupunja vipimo. Amin.