Cảnh, Mwana wa Mfalme Aliyewekwa Rehani

Mtu akitaka kukopa mali nyingi hutakiwa aweke rehani. Mmoja huweka shamba lake, mwingine huweka dhahabu ya mkewe. Leo, wasomaji wapendwa, twataka kuwasimulia habari za baba aliyemweka rehani mwanawe wa kwanza ili aupate ufalme. Naye ufalme aliupata, bali mwana hakuurithi.

Nchi ya Vietnam iko mashariki ya mbali, kusini ya China. Zamani upande wake wa kusini ulitawaliwa na mabwana wa ukoo wa Nguyễn. Katika mwaka 1771 ndugu watatu wa mahali paitwapo Tây Sơn waliinua maasi, na mwaka 1777 wakawashinda mabwana hao na kuwaua karibu wote. Kijana mmoja wa ukoo ule, jina lake Nguyễn Ánh, mwenye umri wa miaka 15, akaponyoka. Katika mashaka yake alifichwa na kulishwa na Mfaransa mmoja, Pigneau de Behaine, askofu wa Kanisa la Roma. Ndivyo urafiki wao ulivyoanza.

Nguyễn Ánh alimwoa Tống Thị Lan, na mwezi wa Aprili 1780 wakamzaa Cảnh. Mtoto huyu hakuijua raha ya jumba la kifalme. Mwaka 1783 baba yake alishindwa tena vibaya, akakimbilia visiwani, kisha akaenda nchi ya Siam, ambayo leo huitwa Thailand. Hapo akakata shauri kuomba msaada kwa mfalme wa Ufaransa. Akampa askofu vitu viwili: muhuri wa utawala, ili maneno yake yaaminiwe, na mwanawe Cảnh, ili ijulikane kwamba hasemi uongo. Mtoto hakuwa ametimiza miaka 5.

Kumbukumbu za jumba la kifalme husimulia kwamba, mtoto alipokwisha kuondoka, Nguyễn Ánh alitwaa kipande cha dhahabu akakigawanya nusu kwa nusu. Nusu moja akampa mkewe, nusu ya pili akaishika mwenyewe, iwe alama kati yao, maana hawakujua kama wataonana tena. Mama yule alibaki na nusu ya dhahabu mkononi, na mwanawe yuko baharini.

Askofu na mtoto walifika Pondicherry, mji wa Wafaransa huko India, mwezi wa Februari 1785. Wakubwa wa pale hawakutaka kusaidia. Wakangoja zaidi ya mwaka mmoja, kisha wakapanda merikebu tena, hata mwezi wa Februari 1787 wakafika Ufaransa. Mwezi wa Mei wakaingia mbele ya Mfalme Louis wa kumi na sita katika jumba la Versailles. Watu wakuu walimstaajabia mtoto yule mwenye mavazi ya ajabu. Mchoraji aitwaye Maupérin akaichora sura yake, akivaa kilemba na nguo nyekundu, na mabibi wa jumbani wakasuka nywele kwa mtindo mpya ulioitwa kwa jina lake. Akacheza na mwana wa mfalme, aliyekuwa karibu rika lake. Lakini hakuna katika wale waliomchezesha aliyekuwa wa jamaa yake, wala wa lugha ya mama yake.

Tarehe 28 Novemba 1787 maagano yakatiwa sahihi. Mfalme wa Ufaransa aliahidi manowari 4, askari wa miguu 1,200, wapiga mizinga 200, na askari Waafrika 250. Nguyễn Ánh naye angewapa Wafaransa kisiwa cha Pulo Condore na bandari ya Tourane, ndiyo Đà Nẵng. Lakini mfalme alimwachia kwa siri mtawala wa Pondicherry, jina lake Conway, aamue mwenyewe kama vita hivyo vyafaa, naye Conway akakataa. Basi askofu akatafuta fedha kwa wafanya biashara na kwa mfuko wake mwenyewe, akapata merikebu, silaha na watu wachache wa kujitolea. Mwezi wa Julai 1789 akamrudisha mtoto kwao. Tazama, baba alikuwa amekwisha kuuteka tena mji wa Gia Định, yaani Saigon, tangu mwaka uliotangulia, bila manowari hata moja ya mfalme wa Ufaransa.

Cảnh alipowarudia wazazi wake alikuwa na miaka 9, na karibu nusu ya maisha yake alikuwa amelelewa na askofu. Hapo ikatokea shida kubwa. Katika nchi ile, mwana wa kwanza ndiye apaswaye kuinama mbele ya madhabahu ya mababu. Yasemwa kwamba Cảnh alikataa, akiyafuata aliyofundishwa. Baba akaona uchungu, na wakuu wa baraza wakanung'unika kwamba mrithi amefanywa mgeni. Walakini baba hakumtupa askofu, maana alikumbuka wema wake, wala hakumtupa mwanawe. Akamwekea walimu wa elimu ya Confucius pamoja na askofu, na mwaka 1793 akamfanya mrithi wa kiti. Mwaka 1794 kijana na askofu waliilinda pamoja ngome ya Diên Khánh ilipozungukwa na adui.

Tarehe 9 Oktoba 1799 askofu akafa wakati wa vita vya Qui Nhơn, akazikwa Saigon kwa heshima kubwa. Mwaka 1801, mwezi wa Machi, Cảnh mwenyewe akafa kwa ndui, naye ana miaka karibu 21. Alimwacha mke, Tống Thị Quyên, na wana wawili wadogo, Mỹ Đường na Mỹ Thùy.

Mwaka uliofuata Nguyễn Ánh akaishinda nchi yote, akatawala kwa jina la Gia Long. Inasimuliwa kwamba hapo alimwuliza mkewe habari za ile dhahabu, naye akaileta. Vile vipande viwili vilikutana tena, bali mwana ambaye kwa ajili yake viligawanywa alikuwa kaburini.

Je, nani arithi? Wako waliomtetea Mỹ Đường, mwana wa Cảnh, kwa kuwa ndiye wa nyumba ya kwanza. Lakini mwaka 1816 mfalme akamchagua mwanawe mwingine, Đảm, aliyezaliwa na mke mwingine na kulelewa na Tống Thị Lan kama mwanawe. Huyu hakuwaamini watu wa Ulaya. Akatawala tangu 1820 kwa jina la Minh Mạng, na baadaye akawatesa Wakristo wa nchi yake. Mwaka 1824 mjane wa Cảnh na mwanawe Mỹ Đường wakashtakiwa neno la aibu kubwa. Mama akazamishwa majini, mwana akavuliwa cheo. Wengi wa wanahistoria hulitilia shaka shtaka lile. Mwaka 1833 watu wa Gia Định wakaasi wakitaka kuirudisha nyumba ya Cảnh, na ngome yao ilipoanguka mwaka 1835 watu zaidi ya elfu wakauawa.

Mwaka 1858 manowari za Wafaransa zikaja kweli Đà Nẵng, lakini kuipiga nchi, si kuisaidia, na mwishowe wakaitawala yote. Ndipo mzao mmoja wa Cảnh, Cường Để, aliyezaliwa mwaka 1882, akamwacha mkewe na watoto, akaenda Japani mwaka 1906 kuomba msaada wa kuwafukuza Wafaransa. Wajapani wakampokea, kisha wakamfukuza mwaka 1909 kwa ajili ya urafiki wao na Ufaransa. Baadaye akarudi huko, akafa Tokyo mwaka 1951, mbali na kwao.

Hivyo babu alitumwa angali mtoto asiyeweza kukataa, na mjukuu alikwenda kwa hiari yake akiwa mtu mzima. Gia Long alihesabu yote aliyotoa ili apate ufalme, askari na merikebu na fedha, na yote yakalipwa. Ile rehani ya kwanza tu ndiyo aliyorudishiwa ikiwa imebadilika, kwa maana mtoto hawezi kukaa mkononi mwa mtu miaka mingi akarudi vilevile alivyotolewa.