Röntgen: Mionzi yake iliikaidi sumaku, leo yafichua siri zake

SPIKA na simu zinazouzwa katika maduka ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, zina sumaku ndani yake. Wanasayansi wanaotaka kujua usumaku umepangikaje katika atomu hutumia mionzi ya aina ileile inayopiga picha za mifupa hospitalini. Ajabu ni kwamba mgunduzi wa mionzi hiyo, Wilhelm Conrad Röntgen, aliijaribu kwa sumaku na isipinde hata kidogo.

Röntgen alizaliwa Machi 27, 1845, mjini Lennep, Ujerumani, akakulia Uholanzi. Alifukuzwa shule mjini Utrecht kwa sababu ya mchoro wa kumkejeli mwalimu, ambao hakuuchora yeye. Hakukata tamaa. Alikwenda Zurich, Uswisi, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1869.

Novemba 8, 1895, wakati Dar es Salaam ikiwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani, Röntgen alikuwa maabara mjini Würzburg. Alikuwa amelifunika kwa karatasi nyeusi bomba la kioo linalopitisha umeme, lakini kipande kilichopakwa kemikali kando yake kikang'aa. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha; mifupa na pete vikaonekana.

Mionzi hiyo ilikuwa nini? Mionzi ya kathodi, ambayo leo tunajua ni mkondo wa elektroni, hupindishwa na sumaku. Hii ilipita moja kwa moja. Akaiita X, yaani isiyojulikana.

Jibu lilipatikana mwaka 1912 mjini Munich, ambako Röntgen alikuwa profesa. Kwa wazo la Max von Laue, Walter Friedrich na Paul Knipping waliipitisha mionzi katika fuwele, ikatawanyika na kuacha madoa yenye mpangilio. Ikadhihirika kuwa ni mawimbi, kama mwanga.

Mwaka 1972, mjini Grenoble, Ufaransa, de Bergevin na Brunel walionyesha kuwa usumaku wa elektroni nao huitawanya mionzi hiyo, ingawa kwa kiasi hafifu mno.

Röntgen hakuyaona hayo. Alipata Nobel ya kwanza ya fizikia mwaka 1901, fedha zake akakipa Chuo Kikuu cha Würzburg, na hakutaka hataza ya ugunduzi wake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mfumuko wa bei ulimaliza akiba yake. Alifariki dunia Munich, Februari 10, 1923, bila kudai senti kwa hospitali yoyote.