Mbaruk bin Rashid wa Gazi na Baruti Mbili

Jina la Mbaruk bin Rashid bin Salim al-Mazrui ni mashuhuri katika historia ya pwani ya Kenya. Kwa watawala wa Unguja na kwa Waingereza, Mbaruk alikuwa mwasi aliyechosha serikali kwa miaka mingi. Kwa jamaa zake na kwa Wadigo wengi waliopigana upande wake, alikuwa mrithi aliyenyang'anywa haki. Kwa watumwa waliokimbilia misheni za Kisauni na Rabai, alikuwa mmoja wa mabwana waliohofiwa. Makala haya yanafuatilia maisha yake na kuonyesha kwamba kushindwa kwake hakukutokana na uhaba wa ujasiri wala wa hila za vita. Pengo lililomwangusha lilikuwa katika silaha na baruti, nalo lilikwisha kuwekwa kisheria kabla ya vita vyake vya mwisho kuanza.

Mbaruk alizaliwa katika ukoo uliotawala Mombasa kwa takriban karne moja. Baba yake, Rashid bin Salim, ndiye aliyekuwa liwali wa mwisho wa Mazrui. Mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan aliwakamata wakuu wa ukoo huo kwa hila na kuwahamisha. Rashid alifia uhamishoni Bandar Abbas, huku mwanawe akiwa angali mdogo. Waliosalia waligawanyika sehemu mbili. Wengine walikwenda kaskazini wakafanya makao Takaungu, na wengine wakavuka upande wa Likoni na kuelekea kusini hadi Gazi. Tawi la Takaungu lilichagua kupatana na Unguja. Tawi la Gazi, ambalo Mbaruk alikuja kuliongoza, halikuisahau Mombasa.

Katika enzi ya Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, Mbaruk alipigana na majeshi ya Sultani mara kadhaa. Miongoni mwa waliomkabili alikuwa Akida Muhammad bin Abdallah, kamanda wa Ngome ya Yesu. Akida huyo baadaye aliasi mwenyewe, akang'olewa ngomeni kwa mizinga ya manowari za Kiingereza mwaka 1875. Habari zake zimehifadhiwa katika Utenzi wa al-Akida, uliotungwa na Abdallah bin Masud bin Salim al-Mazrui na kuchapishwa na Mbarak Ali Hinawy mwaka 1950. Mwanafunzi wa ushairi anaweza kuusoma utenzi huo kama ushahidi wa zama za Mbaruk, ulioachwa na mtu wa ukoo wake.

Mbinu ya Mbaruk ilikuwa moja. Alipozidiwa Gazi, aliingia bara hadi Mwele, katika misitu ya Shimba, ambako alikuwa amejenga boma la magogo. Mwaka 1882 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani, alilizingira boma hilo na kuliteka. Mbaruk akaponyoka, na baada ya muda akarudi Gazi. Wakati huo msitu, njaa na subira viliweza kuamua vita.

Ni vyema kuzieleza silaha za wakati huo, kwani ndizo zilizobadilika. Gobore hupakiwa kwa mdomo wa mtutu. Mpiganaji humimina baruti, hutia risasi, kisha hushindilia kwa mdeki. Gobore la zamani liliwashwa kwa gumegume, na lile la baadaye kwa fataki. Baruti yake ni ile nyeusi, mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, ambapo shura ni takriban robo tatu ya uzito wote. Baruti hiyo haikuhitaji mizani. Kipimo kimoja kilichojaa, kikasawazishwa mdomoni, kilikuwa na uzito usiotofautiana sana na kingine, kwani sentimita moja ya ujazo huwa na uzito unaokaribia gramu moja. Tofauti ndogo ya mkono haikuleta maafa.

Mwaka 1884 mwanakemia Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel iliyoitumia. Uingereza nayo ilibuni kordaiti mwaka 1889. Baruti hizi hazifuati kanuni ya kibaba. Nyingine ni vipande vyembamba, nyingine ni punje au nyuzi, na nafasi za hewa kati ya vipande hutofautiana. Ili kujua uzito wa ujazo wake, ni lazima kujaza chombo chenye ujazo unaojulikana bila kukitikisa, kukisawazisha, kupima kilichomo kwa mizani, kisha kugawanya uzito kwa ujazo. Jibu la aina moja haliifai aina nyingine. Isitoshe, kwa uzito ule ule, baruti mpya ina nishati kubwa zaidi kuliko nyeusi. Anayeimimina katika gobore kwa kipimo cha zamani huweza kuupasua mtutu na kujiua. Kwa hiyo gobore halikuweza kufanywa jipya kwa kubadilishiwa baruti. Aliyetaka nguvu mpya alihitaji bunduki mpya, risasi za kiwandani na bandari ya kuviingizia.

Bandari hiyo ilifungwa kwa sheria. Mkataba wa Brussels, uliotiwa sahihi tarehe 2 Julai 1890, ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa Afrika kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini, isipokuwa kwa mahitaji ya serikali na kwa vibali maalumu. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo mtutuni, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa kwa biashara. Mkataba huo ulidai kupiga vita biashara ya watumwa, na dai hilo halikuwa la bure. Mazrui walimiliki watumwa, na zaidi ya watoro 1,400 waliokuwa misheni walilipiwa fidia na Kampuni ya Kiingereza mwanzoni mwa 1889 ili waachwe huru. Hata jina la Kengeleni, upande wa Kisauni, linatokana na kengele ya Freretown iliyowatahadharisha walioachwa huru pindi hatari ilipokaribia. Lakini sheria iliyomlinda mtoro wa Freretown ndiyo pia iliyohakikisha kwamba Mwafrika yeyote atakayempinga Mzungu atakuwa na gobore mkononi.

Matokeo yalionekana mwaka 1895. Mwezi wa Februari, Salim bin Khamis wa Takaungu alifariki, nao Waingereza wakamtawaza mwanawe Rashid badala ya Mbaruk bin Rashid mwingine, kijana wa tawi hilo. Kijana huyo alikataa uamuzi, akakimbilia Gazi. Mbaruk mkubwa, ambaye alikuwa amepatana na Kampuni, sasa alitakiwa kumtoa jamaa yake. Hakumtoa. Tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ilichukua utawala kutoka kwa Kampuni, na tarehe 17 Agosti Admirali Harry Rawson akaishambulia Mwele kwa mabaharia, askari wa Unguja na bunduki za Maxim. Mathews alijeruhiwa, lakini boma halikuhimili hata siku nzima.

Mbaruk aliendelea na vita vya kuvizia kwa miezi minane. Serikali ikaleta kikosi kutoka Bara Hindi mwezi wa Machi 1896. Mwezi uliofuata Mbaruk alivuka mpaka pamoja na mamia ya wafuasi wake, wakasalimisha silaha kwa Gavana Hermann von Wissmann wa himaya ya Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910, mbali na Gazi, kama baba yake alivyofia mbali na Mombasa.

Maisha ya Mbaruk hayaruhusu hukumu nyepesi. Kumwita shujaa wa ukombozi ni kuwasahau waliomkimbia, na kumwita mwasi ni kuyakubali madai ya walioandika taarifa za ushindi. Watafiti wa Kiswahili wana wajibu wa kuyapima maneno hayo mawili kila yanapojitokeza katika tenzi na masimulizi ya pwani. Kibaba kimoja hakitoshi kupimia baruti mbili; vivyo hivyo neno moja halitoshi kumpima mtu aliyekuwa mrithi kwa wengine na bwana kwa wengine.