Kakai Kilonzo: Gitaa la Ukambani lililozungumza Kiswahili

MSAFIRI atokaye Kitui mjini kwenda Mutomo, au ashukaye kutoka Wote kuelekea Emali, hashangai akisikia ndani ya matatu gitaa la sauti ya juu likizunguka kwa kasi bila kuchoka, na chini yake sauti ya mwanamume aimbaye kwa utulivu kana kwamba hana haraka na lolote. Mara nyingi sauti hiyo huwa ya marehemu Kakai Kilonzo, mwanabenga aliyezaliwa mwaka 1954 na kufariki mwaka 1987, umri wake haujafika hata miaka 35.

Bendi yake iliitwa Les Kilimambogo Brothers. Kilimambogo ni mlima ule ambao Wamaasai waliupa jina la Ol Donyo Sabuk, ulio ukingoni mwa Ukambani, upande wa Thika, karibu na mto Athi. Hilo neno la Kifaransa lililotangulia lilikuwa mtindo wa zama hizo. Wanamuziki kutoka Kongo walikuwa wametamba Nairobi, na bendi nyingi zilijipamba kwa "Les" hata kama hakuna mwanachama aliyejua Kifaransa cha kuombea maji.

Benga haikuzaliwa Ukambani. Ilichipuka miongoni mwa Waluo, ambao vijana wao walihamishia kwenye gitaa mapigo ya nyatiti, na miaka ya 60 na 70 watu kama Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz yake wakaisambaza kote nchini. Wakamba walipoipokea waliifinyanga upya. Gitaa moja lilibaki chini likishikilia mdundo, na la pili likapanda juu kabisa, likidondoa noti nyepesi za haraka na kuziba kila mwanya ulioachwa na mwimbaji na ngoma. Sikio lisilozoea hudhani ni kitu kimoja kinachojirudia. Mchezaji aliye uwanjani anajua kwamba gitaa hilo ndilo linalomzuia kuketi.

Kakai alilielewa jambo hili na hakulisonga kwa vyombo vingi. Katika nyimbo zake kila chombo kina nafasi yake na kinasikika. Santuri ndogo za wakati huo, zilizouzwa madukani River Road, zilikuwa na pande mbili, na wimbo mmoja uligawanywa: upande wa kwanza hadithi, upande wa pili magitaa yakiachiwa yatimke. Kwa hiyo mpiga gitaa wa benga hakuwa msindikizaji tu. Nusu ya kile mnunuzi alichokilipia kilikuwa kazi ya vidole vyake.

Wapo waliopiga gitaa la namna hiyo vizuri kama yeye. Peter Mwambi na Kyanganga Boys walipendwa mno nyumbani, nao Kalambya Boys pamoja na Kalambya Sisters walivuma hadi Ulaya kwa kibao Katelina. Lakini Kakai ndiye aliyechukua mtindo huu wa Kikamba, bila kuupunguza makali, na kuuwekea maneno ya Kiswahili. Mama Sofi na Baba Mkwe zikachezwa na watu wasiojua hata salamu ya Kikamba.

Huo haukuwa uamuzi mdogo. Idhaa ya taifa ya Sauti ya Kenya ilitangaza kwa Kiswahili na kusikika pembe zote, ilhali Kikamba kilikuwa na saa zake chache tu. Aimbaye kwa Kiswahili alijifungulia soko la nchi nzima, lakini pia alijitia katika hatari ya kuonekana amewapa mgongo watu wake. Kakai aliikwepa hatari hiyo kwa kutoacha kuimba Kikamba. Kiswahili chake chenyewe hakikuwa cha Lamu wala Mvita. Kilikuwa cha vibarua na makarani, na mwalimu mkali angekipaka wino mwekundu. Nadhani hiyo ndiyo sababu kilieleweka upesi.

Alifariki wakati mbaya kwa muziki wa Kenya. Kanda za kunakiliwa kiholela zilikuwa zimeanza kuua soko la santuri, na mwanamuziki aliweza kusikika kila kibanda asipate senti. Ukambani wenyewe ulikuwa bado wilaya mbili tu, Machakos na Kitui. Makueni ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992, miaka mitano baada ya kifo chake.

Baadaye kampuni ya Shava ya Ujerumani ilizikusanya nyimbo zake katika diski. Pande mbili za santuri zikaunganishwa, hadithi na gitaa vikafuatana bila mtu kulazimika kuinuka kugeuza sahani.